Tazama Nyaya Kabla Hujalipa Nyumba

(Haya ni maneno ya somo la elimu ya watu wazima kama yalivyosomwa redioni. Maswali ya majadiliano yako mwishoni.)

 Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na kwamba katibu ana kalamu na daftari. Somo letu la leo linamhusu mtu anayetaka kununua nyumba yenye umeme. Nitasema zaidi habari za Bulongwa na vijiji vingine vya Makete, lakini msikilizaji aliyeko Makambako, Njombe mjini au Ludewa naye atapata neno la kumfaa.

Kwa desturi yetu, mtu akienda kutazama nyumba ya kununua hutazama mambo mengi kwa uangalifu. Hugonga ukuta asikie kama tofali limeiva. Huinua macho atafute bati lililotoboka. Huuliza maji yako wapi, mipaka ya kiwanja inaishia wapi, na majirani ni watu gani. Lakini akifika kwenye umeme hubonyeza swichi moja tu ya sebuleni. Taa ikiwaka husema, "Umeme upo," na mambo yamekwisha.

Sasa neno la kwanza ninaloomba mlikumbuke ni hili: taa kuwaka si ushahidi kwamba nyumba ina usalama. Taa itawaka hata kama waya wa ardhini umekatika. Itawaka hata kama panya wametafuna ganda la waya juu ya dari, na hata kama fyuzi imetolewa na mahali pake pametiwa msumari. Taa inaonyesha tu kwamba umeme umefika. Haionyeshi kwamba umekuja kwa njia iliyo salama.

Neno la pili ni hili. Kwa kawaida nyaya za nyumba hutakiwa kuwa zimefanywa na kuthibitishwa na fundi mwenye leseni kabla TANESCO hawajaunganisha umeme. Hilo ni jema. Lakini baada ya siku ile, mwenye nyumba huongeza chumba. Huvuta taa mpaka jikoni kwa nje, huvuta soketi mpaka kwenye banda la kuku, kisha hufungua duka dogo barabarani na kulipelekea waya. Kila mara humwita kijana wa jirani aliye karibu. Mkaguzi hamwoni tena. Nyumba ikipata miaka kumi hivi, nyaya zake huwa za mikono mitano. Siku inapouzwa, mtu pekee mwenye sababu ya kuzitazama zote ni mnunuzi. Asipotazama, amenunua mbuzi kwenye gunia.

Huko Bulongwa jambo hili lina uzito wake. Umeme si mgeni kabisa katika milima yetu, kwani Bulongwa, Uwemba na Matembwe zinajulikana tangu zamani kwa mitambo midogo ya umeme wa maji. Baadaye Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ulipeleka nguzo katika vijiji vingi nchini. Na mwaka 2018 ilikamilika njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea. Kwa hiyo katika wilaya moja unaweza kukuta nyumba iliyotandikwa nyaya zamani na nyumba iliyotandikwa juzi, na pengine mambo hayo mawili yamo ndani ya nyumba moja.

Tena huko kwetu kuna baridi, ukungu na mvua za muda mrefu. Baridi huwafanya watu watumie hita, birika la umeme na bomba la kuogea linalochemsha maji. Vyombo hivyo hula umeme mwingi. Unyevu nao huingia katika ukuta, na maji na umeme havipatani. Na nyumba zetu zina mbao nyingi, maana mbao ndizo mali ya Makete. Moto ukianza darini usiku, gari la zimamoto lina milima mingi ya kuvuka kabla ya kufika. Basi tahadhari ifanywe kabla ya hatari.

Sasa tufanye safari ya ukaguzi. Tuseme kuna bwana na bibi waliouza mbao, wakaweka akiba miaka kadhaa, na sasa wanataka kununua nyumba ya vyumba vitatu Bulongwa. Watafanyaje?

Kwanza, waende mchana, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na wachukue kurunzi. Nao washike sheria moja: macho yatembee, mikono ikae mfukoni. Ukaguzi wetu ni wa macho, pua na masikio. Hatufungui kifuniko cha soketi, hatuvuti waya, hatugusi kitu chenye unyevu. Kazi ya kufungua ni ya fundi. Watoto nao waachwe nyumbani.

Waanzie nje, kwenye nguzo. Wautazame waya unaotoka nguzoni mpaka nyumbani. Je, unapita katikati ya matawi ya misonobari au milingoti? Tawi likiyumba kwa upepo husugua ganda la waya mpaka shaba ikaonekana. Je, umelegea hata mtu aliyebeba ngazi au mzigo mrefu wa mbao anaweza kuufikia? Je, mahali unapoingia ukutani umeshikwa imara, au unakwaruzwa na ncha ya bati?

Hapo kwenye bati wasimame kidogo. Waya uliochubuka ukigusa bati, paa lote laweza kuwa na umeme. Na kama mwenye nyumba amefunga waya wa kuanikia nguo kutoka kwenye paa hilo hadi kwenye mti, basi waya wa nguo nao huwa na umeme. Mama anakuja na nguo mbichi mikononi, miguu yake iko kwenye majani yenye umande. Hapo kifo hakina hodi. Kwa hiyo watazame kila waya unaopita juu au chini ya bati, na waya wa nguo uliofungwa kwenye paa waseme uondolewe, hata kama siku hiyo hauna kitu.

Pili, mita. Siku hizi nyumba nyingi zina mita ya LUKU, ambayo mtu hununua umeme kabla ya kuutumia. Waandike namba ya mita katika daftari. Watazame kama lakiri zake ni nzima. Watazame kama kuna waya unaotoka upande wa nguzo na kuingia nyumbani bila kupita katika mita. Huo ni wizi wa umeme, na ni hatari pia, kwa sababu umeme wa namna hiyo waweza kuwa haupiti katika swichi yoyote ya kuukata. Kisha waende ofisi ya TANESCO pamoja na muuzaji, waulize kama namba ile ina deni, na jina la mwenye mita libadilishwe namna gani. Nyumba ikishakuwa yako, utakaoulizwa juu ya mita ile ni wewe. Yule aliyekuuzia atakuwa amehamia mbali.

Tatu, waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi. Karibu na ukuta, kwa kawaida upande wa mita, patazamiwe fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, na waya wa kijani, au wa kijani wenye mstari wa njano, uliobanwa juu yake. Je, fimbo ipo? Je, kibanio kimekaza, au kimeliwa na kutu? Je, waya umekatwa na jembe? Shaba ina bei, na wezi hulijua hilo. Pengine fimbo iling'olewa zamani, na hakuna aliyegundua, kwa sababu taa ziliendelea kuwaka kama kawaida.

Kazi ya ethi ni nini? Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Tuseme waya ndani ya hita umechubuka ukagusa mwili wa chuma wa hita. Kama ethi ipo, umeme ule uliovuja hupata njia ya kwenda ardhini. Kama haipo, umeme hukaa pale pale kwenye chuma, ukimngoja mtu wa kwanza atakayegusa. Mtu huyo ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini.

Nne, ubao wa swichi kuu. Hapo kuna swichi kubwa ya kukata umeme wa nyumba nzima, na fyuzi au swichi ndogo ndogo za kinga. Je, ubao una kifuniko, au kuna matundu ambayo kidole cha mtoto chaweza kuingia? Je, kuna alama nyeusi za moto? Je, kila swichi imeandikwa kazi yake? Mwulizeni muuzaji, "Fyuzi hii ikikatika huwa unaweka nini?" Akijibu kwamba huweka waya wowote ulio karibu, mmepata habari kubwa. Fyuzi ni mlinzi aliyewekwa afe badala ya nyumba. Ukiweka waya mnene au msumari, mlinzi hafi tena, na badala yake huungua nyumba.

Watafute pia swichi yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T au Test. Hiyo ni swichi ya kugundua umeme unaovuja. Ile ya kumlinda mtu kwa kawaida hukata umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30, yaani sehemu tatu tu za mia za ampea moja. Umeme huo ni mdogo, sawasawa na ule unaotumiwa na taa ya wati 7, lakini unatosha kumwua mtu. Mjue kwamba fimbo ya ethi peke yake mara nyingi haipitishi umeme wa kutosha kukata fyuzi kubwa. Ethi na swichi hii hufanya kazi pamoja kama jembe na mpini. Mwombeni mwenye nyumba abonyeze kitufe kile mbele yenu. Swichi ikiruka na umeme ukikatika, ni dalili njema. Isiporuka, andikeni.

Tano, soketi na swichi za vyumbani. Kila chumba wakisimame katikati na kukizunguka kwa macho kutoka mlangoni mpaka mlangoni. Soketi yenye rangi ya kahawia au iliyoyeyuka pembeni imekwisha kupata joto kali. Soketi inayocheza ukutani ina nyaya zinazolegea kwa ndani, na penye kulegea ndipo joto huanza. Pua nayo ifanye kazi, kwani harufu ya plastiki iliyoungua, au harufu kama ya samaki pasipo na samaki, ni onyo. Masikio nayo yasikilize, maana swichi ikilia kama mafuta kikaangoni si nzima.

Watazame pia namna watu wa nyumba ile wanavyotumia soketi. Mkiona kijiti au kalamu imesukumwa katika tundu la juu ili plagi ya miguu miwili iingie, mjue tundu lile ni la ethi, na kijiti kile kimefungua vifuniko vilivyowekwa kuzuia vidole vya watoto. Mkiona ekstensheni moja imebeba vyombo vyote, mjue nyumba ina soketi chache kuliko mahitaji yake.

Hapa tufanye hesabu kidogo. Ekstensheni ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,990, yaani karibu 3,000. Sasa familia iko kwenye baridi ya mwezi wa Julai. Hita ina wati 2,000, birika lina wati 2,000, na pasi ina wati 1,000. Jumla ni wati 5,000. Gawanya kwa 230, unapata karibu ampea 22. Waya uliofanywa kwa 13 unabebeshwa 22. Utapata joto, na ganda lake litalainika, pengine chini ya zulia au nyuma ya godoro ambako hakuna anayeona.

Sita, bafuni na jikoni. Soketi isiwe bafuni. Bomba la kuogea linalochemsha maji liwe na waya wake peke yake unaotoka kwenye ubao, mnene wa kutosha, wenye ethi na swichi yake ya kulikata. Mkikuta limeungwa kwenye waya mwembamba wa taa kwa kusokota na kuzungushia utepe, msimwache mtu yeyote aoge pale mpaka fundi afike. Ukutani nako mtazame madoa ya maji. Doa linaloteremka kutoka darini na kupita juu ya swichi lina maana kwamba bati linavuja, na maji yamekwisha kupata njia ya kuufikia umeme.

Saba, darini. Kama kuna tundu la kuchungulia, mmoja apande ngazi na kumulika kwa kurunzi bila kuingia. Nyaya ziwe ndani ya mabomba ya plastiki, na viungo viwe ndani ya visanduku vyenye kifuniko. Kiungo cha kusokota kilicholala juu ya ubao mkavu ni kiberiti kinachongoja. Watazame kinyesi cha panya na alama za meno. Watazame na rangi. Zamani tulifuata rangi za Waingereza: nyekundu ni waya wenye moto, nyeusi ni wa kurudisha, kijani ni ethi. Siku hizi kahawia ni wenye moto, buluu ni wa kurudisha, kijani na njano ni ethi. Uingereza yenyewe ilibadilisha kati ya mwaka 2004 na 2006. Mkiona rangi za aina zote mbili katika nyumba moja, si kosa peke yake, lakini inaonyesha nyumba imetandikwa kwa nyakati mbili. Mwulizeni muuzaji: zimeungana wapi, na aliyeziunga ni nani?

Wengine mtanunua nyumba ndogo yenye ubao uliokwisha tengenezwa wenye soketi na swichi, unaoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari. Ubao huo ni mzuri kwa kazi yake. Tazameni tu kama kuna mtu aliyeongeza nyaya kutoka kwake kupeleka vyumba vingine.

Ndugu wasikilizaji, safari imekwisha, na daftari lina mambo. Yagaweni mafungu matatu. Fungu la kwanza ni madogo: kifuniko kilichopasuka, swichi isiyoandikwa. Fungu la pili ni ya matengenezo: soketi zilizoungua, nyaya za darini, ethi isiyokuwapo. Fungu la tatu ni ya kusimamisha malipo: umeme unaoruka mita, bati au ukuta unaomtetemesha mtu, ubao ulioungua, au muuzaji asiyekubali mtazame.

Kisha mwiteni fundi mwenye leseni ya EWURA, nayo leseni mwione kwa macho yenu. Fundi huyo ana vyombo vya kupima ganda la waya lililomo ndani ya ukuta na kupima kama ethi inafanya kazi kweli. Hayo macho hayawezi kuyaona. Wengine watasema fundi ni gharama. Ni kweli. Lakini kazi yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya nyumba, na orodha yake ni silaha katika mapatano ya bei. Mwambieni muuzaji, kwa heshima, "Mzee wetu, nyumba tumeipenda, lakini ethi haipo na bomba la kuogea ni la hatari. Ama utengeneze kabla, ama tupunguze bei tutengeneze wenyewe." Mkikubaliana, iandikwe katika hati ya mauziano mbele ya mashahidi, kitu kwa kitu. Maneno ya mdomo hupeperuka.

Na kama wakati wowote mtu amenaswa na umeme, msimshike. Kateni swichi kuu kwanza. Kama haifikiki, simameni mahali pakavu mmsukume kwa mti mkavu aachane na waya. Hiyo ni kwa umeme wa nyumbani tu. Waya wa nguzoni ukianguka, kaeni mbali, msiusogelee hata kwa mti, mpaka TANESCO waukate. Moto ukitokea, simu ya zimamoto ni 114.

Yule bwana na bibi wa mfano wetu wametumia saa moja na nusu, kurunzi moja na daftari. Hawakulipa senti. Kama wameikuta nyumba nzuri, watalala kwa amani. Kama wameikuta mbaya, fedha za mbao zao zingali mfukoni, na watoto wao hawajaingia ndani ya hatari.

Sasa viongozi wa vikundi, yajadilini maswali haya:

1. Kwa nini taa kuwaka si ushahidi wa usalama?
2. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi ambazo sisi wenyewe tumeiona fimbo ya ethi?
3. Ni wangapi kati yetu wamefunga waya wa nguo kwenye bati? Tutauondoa lini?
4. Muuzaji akikataa nyumba isitazamwe, tumjibu nini?

Kila mmoja akirudi nyumbani leo aanze na nyumba yake mwenyewe, kwa macho tu.